Upepo wa Ziada

Nchi ya Shwari msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ipo, ina bendera, ina sarafu yenye sura ya mtu mnene, na ina wimbo wa taifa mrefu kiasi kwamba kuanzia ubeti wa sita wazee na wajawazito wanaruhusiwa kukaa. Kitu ambacho haina ni kimbunga. Si kwamba vimbunga haviji; huja kila baada ya miaka michache, kama wakwe wasioalikwa. Lakini kifungu cha pili cha Katiba kinasema kwamba Shwari ni nchi tulivu, na jambo lisilotambuliwa na Katiba haliwezi kumng'olea mtu paa.

Kwa hiyo Jumapili ile, Waziri wa Hali Njema alipotokea redioni, aliwatangazia wananchi kwamba katika mkoa wa Mkungwi umepita upepo wa ziada. Aliwaomba waupokee kama wanavyopokea ziada yoyote ile, yaani kwa shukrani.

Upepo huo wa ziada ulikaa Mkungwi muda wa saa nne. Ulipoondoka, mapaa yalikuwa yamekwenda, mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa imelala kifudifudi, na watu wanne walikuwa wamekufa kwa sababu ambazo Wizara ilizitaja kuwa za kawaida, mojawapo ikiwa kuangukiwa na nyumba.

Siwatu binti Makungu alitoka chini ya kitanda, akatazama juu akaona mawingu pale palipokuwa na makuti yake. Hakulia. Alijitanda kanga, akaenda kutazama tuta.

Hapa inabidi msimulizi aeleze kidogo. Mkungwi ni mkoa wa mpunga. Una bonde moja kubwa, na bonde hilo ndilo lililokuwa likiwalisha watu, likiwavisha na likiwaoza. Mavuno yakiwa mazuri, mwenye mashine ya kukoboa hapati usingizi, fundi cherehani anaazima cherehani ya pili, wauza vitumbua wanaamka kabla ya jogoo, na wachumba walioahidiana tangu masika wanaanza kuhesabu siku. Mpunga ukikosekana, hata mpiga zeze anabeba zeze lake kwenda mkoa mwingine. Wataalamu wa Serikali wameandika vitabu vitatu kulieleza jambo hilo. Wanawake wa Mkungwi hulieleza kwa kufunua sufuria tupu.

Upande mmoja wa bonde ni mashamba, upande wa pili ni bahari, na katikati lilikuwapo tuta la udongo, refu mwendo wa asubuhi nzima, lililoinuliwa na mababu kwa jembe na kikapu. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha tuta, kilichorithiwa kama jina la ukoo. Tuta likitoboka, hakuruhusiwa mtu kuziba peke yake, maana ukiziba kwako tu, maji yote yanamhamia jirani. Watu walingoja baragumu. Baragumu likilia, kila nyumba ilitoka na majembe, hata kama ndani mna bibi harusi, wakaziba wote kwa pamoja. Baragumu lilikaa katika nyumba moja tu, wakipokezana wanawake wa nyumba hiyo, na wakati wa kisa hiki lilikuwa kwa Siwatu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watu walisema Mungu alimpa baragumu kwa kumhurumia.

Siwatu aliona matundu matatu. Mpunga ulikuwa umelala kwa upepo lakini haukufa. Ulikuwa na mimba, wiki chache tu utoe masuke. Akatazama mwezi uliokuwa bado mchanga, akahesabu kwa vidole. Maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi mwezi unapokuwa mpevu, yangefika baada ya siku kumi, Jumatano ya wiki ya pili, alasiri. Yakiingia bondeni kupitia matundu yale, yataacha chumvi, na chumvi ikishalala shambani haiondoki upesi. Mama yake alikuwa akisema miaka saba. Kuziba matundu matatu ni kazi ya siku tatu kwa watu wote. Muda ulikuwapo tele.

Jumatatu walizika. Jumanne alfajiri Siwatu aliliosha baragumu kwa maji ya moto, akalifuta kwa upindo wa kanga, akatoka nalo uani. Ndipo msafara ulipoingia.

*

Msafara uliongozwa na Bwana Kasisiri, Afisa Mlinzi wa Uharibifu, Daraja la Pili. Alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni, na alikuja na gari zima la utepe mwekundu. Kipaza sauti kilitangaza kwamba kwa mujibu wa sheria, uharibifu wote ni mali ya Serikali mpaka utakapotathminiwa. Haruhusiwi mtu kuugusa, kuusogeza, kuufagia wala kuutengeneza. Atakayeonekana ameziba, amejenga au amepona kabla ya tathmini atahesabiwa kuwa hakuathirika.

Vijana wa Bwana Kasisiri wakaanza kufunga utepe. Walifunga nyumba zilizoanguka, walifunga minazi iliyolala, walifunga mashine ya kukoboa. Ng'ombe mmoja alikuwa amezama matopeni mpaka tumboni. Naye wakamfunga utepe pembeni, na mwenyewe akaambiwa anaweza kumpelekea majani lakini asimvute. Wahenga wa Shwari walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wizara ilikwisha kuisimamisha methali hiyo kazi, mpaka ufa utakapotathminiwa.

"Mama, shikamoo," Bwana Kasisiri alimwambia Siwatu walipokutana juu ya tuta.

"Marahaba, mwanangu. Tathmini yenu itakuja lini?"

"Siku saba za kazi, mama."

"Za kazi ya nani?"

Bwana Kasisiri akafungua daftari. Kesho yake, Jumatano, ilikuwa Siku ya Utulivu. Alhamisi ilikuwa siku ya kupumzika kutokana na Utulivu. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Siwatu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, maji ya bamvua yatafika kabla ya kamati yenu ya tathmini."

"Nitaandika barua wafanye haraka."

"Na bahari utaiandikia?"

Kijana wa watu aliona haya. Hakuwa mtu mbaya. Aliinama, akafunga utepe wake kwenye tundu la kwanza, fundo zuri la kitanzi, akakwanyua nyasi zilizokuwa zikilificha.

*

Siku ya Utulivu watu walikusanyika kwenye banda la mashine, au pale lilipokuwa banda. Siwatu alikwenda na baragumu lake kwapani, akidhani anakwenda kuwaambia watu wajiandae. Aliposimama kusema, alikuta wameshaamua.

Mnajua, miaka sita nyuma ulipita upepo wa ziada mwingine. Mwaka ule Siwatu alipuliza siku ya pili, watu wakaziba siku tatu mfululizo, na kamati ilipofika ilikuta tuta limesimama na mpunga kijani. Kamati iliandika sentensi moja, kwamba Mkungwi hapakuwa na upepo. Jirani zao wa Kisaka, ambao walikaa chini wakashika tama, walipewa mabati, pampu mbili na shule yenye vyumba vinne. Tangu siku ile, mtu wa Mkungwi akipita Kisaka akayaona mabati yanavyong'aa, hula chakula cha mchana bila hamu.

Aliyesimama kusema kwa niaba ya wengine alikuwa Shomari, jirani yake Siwatu. Kipande chake cha tuta kilipakana na cha Siwatu, na kwa miaka ishirini walikuwa wakichimbua udongo shimo moja.

"Dada Siwatu," alisema, "hakuna anayekukataza, baragumu ni lako. Tunakuomba. Safari hii na sisi tulie kwanza, tuonekane. Tukishaonekana, puliza hata kutwa."

"Na maji?"

"Maji yatatungoja. Kamati haitachelewa hivyo."

"Kaka Shomari, wewe umewahi kuona maji yakimngoja mtu?"

"Sijaona. Lakini sijaona vilevile Serikali ikimpa mtu aliyesimama."

Watu wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka. Siwatu akatazama nyuso, moja moja. Walikuwapo watu waliozika juzi. Alikuwapo mama aliyelala na watoto wake chini ya meza. Nani angeweza kuwaambia hapana? Na tusimtie Siwatu umalaika: yeye naye alikuwa analala akitazama nyota, mgongo umeingia baridi, na moyoni alikuwa ameshayaona mabati kumi na mbili juu ya nyumba yake. Akalirudisha baragumu kwapani akaenda nalo nyumbani.

*

Lililofuata lisingeweza kutokea mahali pengine ila Mkungwi, kwa watu wenye tuta la vipande.

Matundu matatu yalikuwa kwenye vipande vya nyumba tatu. Nyumba nyingine zikaanza kujiuliza: kamati ikija, sisi tutaonyesha nini? Fidia itakwenda kwa mwenye tundu. Babu zetu walijenga kwa jasho lilelile, leo tukose kwa sababu walijenga vizuri? Ijumaa, mtu mmoja alichukua jembe, akaenda kwenye kipande chake kizima, akatoboa kidogo, kiasi cha kupitisha mkono. Jirani yake alipoliona akatoboa kiasi cha kupitisha mbuzi. Hawakuwa wakifanya siri. Walisalimiana asubuhi, majembe begani, na mmoja alimwazima mwenzake sururu. Bwana Kasisiri alikuwa akipita jioni na utepe, akishangaa jinsi upepo ulivyoendelea kuharibu siku tano baada ya kwisha.

Jumatatu matundu yalikuwa kumi na moja. La kumi na moja lilikuwa la Shomari. Siwatu alimkuta amesimama ndani yake mpaka kiunoni, akitoa udongo ambao yeye na Siwatu waliuweka pamoja.

"Usinitazame hivyo, dada," Shomari alisema. "Nina mabinti watatu na turubai moja."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo hiyo. Afadhali ungesema."

Siwatu alitaka kusema. Alijua kabisa kwamba siku mbili bado zilitosha, si kwa kuziba vizuri, lakini kwa kuziba. Alikwenda nyumbani, akalitwaa baragumu, akakaa nalo mapajani mpaka jua likawa utosini. Aliogopa kuwaudhi watu wake. Aliogopa kwamba atapuliza na asitoke mtu. Akaliweka chini.

*

Kamati ilifika Jumatano ile ile ya bamvua, kwa kuwa ndiyo siku aliyokuwa na nafasi Waziri. Pamoja na Waziri walikuja wapiga tarumbeta, viti vya plastiki mia mbili, na jiwe la ukumbusho, maana katika nchi ya Shwari hata uharibifu hauwezi kuanza kutathminiwa kabla haujazinduliwa.

Walinzi waliwapokonya watu majembe penye lango la uwanja wa sherehe, karibu na tuta, kwa usalama wa Mheshimiwa. Yalirundikwa nyuma ya lori na kufungwa utepe. Kamati ikatoa fomu yake, kurasa kumi na nne, na Bwana Kasisiri akaanza kuijaza mbele ya watu. Fomu ilikuwa na nafasi ya nyumba, ya mifugo, ya barabara na ya sanamu za viongozi. Tuta haikuwa nalo. Mwenyekiti wa kamati aliuliza tuta limetengenezwa kwa nini, akajibiwa kwa udongo, akasema kwa masikitiko kwamba udongo ukianguka unabaki udongo, hivyo kisheria hakuna kilichopotea.

Saa tisa na nusu Waziri alisimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi wa Mkungwi," alisema, "nimeyaona matundu yenu. Nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, ingawa ninao wasaidizi ambao wangeweza kuyaona kwa niaba yangu. Nimehuzunika, na huzuni yangu imeingizwa kwenye kumbukumbu za Wizara. Niwahakikishie kwamba uchumi wa mkoa huu ni imara. Uchumi imara ni kama mwanamke mwema: ukiupiga haulalamiki."

Wapambe walipiga makofi. Siwatu alikuwa safu ya nne. Kutoka pale aliuona mstari mweupe wa povu ukija mbio kuliko kawaida, na akausikia upepo umegeuka. Akamfuata Bwana Kasisiri akiinama, kama mtu anayepita mbele ya wanaosali.

"Mwanangu, maji hayo."

Kijana akatazama. Uso wake ulibadilika rangi. "Mama, Waziri anazungumza."

"Naona."

"Haruhusiwi mtu kuondoka mpaka amalize. Anazo kurasa tisa bado."

Siwatu akarudi safu ya nne, akalitoa baragumu chini ya kanga, akapuliza.

Baragumu lile lilikuwa na sauti ya ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Lilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Waziri akanyamaza, akatabasamu, akageukia kamera. "Asante sana, mama," alisema. "Hizi ndizo mila zetu tunazozitaka." Wapiga tarumbeta, wakidhani ni zamu yao, wakadakia.

Watu wa Mkungwi hawakudakia. Miguu yao iliielewa sauti ile kabla ya vichwa vyao. Shomari ndiye aliyeinuka wa kwanza, akakimbilia kipande chake mikono mitupu, na nyuma yake wote, wake kwa waume, viti vikianguka. Hawakuwa na jembe hata moja. Walichota udongo kwa viganja na kwa masufuria ya pilau ya sherehe. Waliziba kwa kanga, kwa magunia, kwa mapazia ya jukwaa, kwa viti vya plastiki. Shomari alilala ndani ya tundu lake mwenyewe akaugeuza mgongo wake kuwa kizuizi, huku mabinti zake wakimpangia udongo ubavuni. Kama matundu yangekuwa matatu, wangeweza. Bahari ilipita kwenye yale yaliyobaki wazi ikaingia bondeni bila haraka, ikazunguka mashina ya mpunga, ikapanda mpaka mahali masuke yalipokuwa yamejificha, ikasimama pale kwa muda, kama mgeni anayekagua nyumba atakayohamia.

Waziri alikuwa ameshaondolewa na walinzi. Jiwe la ukumbusho lilibaki limesimama majini, likieleza tarehe.

*

Taarifa ya Serikali ilitoka baada ya miezi mitatu, ikasomwa redioni kwa muziki wa polepole. Ilisema kwamba mkoa wa Mkungwi umestahimili na kupona kabla ya wakati, tena uchumi wake umekua kuliko wa mkoa mwingine wowote. Ushahidi ulikuwapo. Mchele wa kutoka ng'ambo, ambao zamani haukuuzika Mkungwi hata kilo, sasa ulikuwa ukinunuliwa kila siku. Sanda zilinunuliwa. Mabasi mawili yaliyokuwa yakienda mjini yalikuwa yamefika saba, na yote yalikuwa yakijaa, ingawa ni wakati wa kwenda tu. Kila nauli iliyolipwa ilihesabiwa kuwa shughuli ya kiuchumi.

Fidia haikutoka. Kamati iligundua kwamba matundu manane yana alama za jembe, na kwamba kati ya manane na matatu hakuna namna ya kujua yapi ni ya Serikali. Lakini Mkungwi ilipewa cheti cha Mkoa Mstahimilivu, na Siwatu alipewa zawadi yake binafsi kwa mchango wake katika burudani. Yalikuwa mabati kumi na mbili. Mafundi wa Wizara walikuja wenyewe kuyapiga misumari, wakampiga picha mbele ya mlango. Alipoambiwa acheke, alicheka.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha vizuri kuliko miaka yote waliyoikumbuka watu. Haikumkuta mtu shambani.

Asubuhi moja Shomari alikuja kuaga. Mabinti zake walikuwa wametangulia barabarani na mizigo. Alikaa kwenye kizingiti, hakuingia, na kwa muda mrefu walizungumza habari za kuku watakaobaki.

"Nimepata kazi bandarini," alisema mwisho. "Kupakua magunia."

"Magunia ya nini?"

"Ya mchele."

 Shomari alikuwa akikwangua tope lililokauka kwenye kiatu chake.

"Ungepuliza, dada."

"Ulinisihi nisipulize. Mbele ya watu."

"Nilikusihi, ndiyo. Sote tulikusihi." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayeeleza njia. "Lakini ndiyo maana baragumu haliwekwi kwa kila mtu. Mabibi zetu walimpa mmoja ili siku tukipotewa na akili asitusikilize."

 Siwatu angeweza kusema mengi, kwamba aliwahurumia, kwamba aliwaheshimu, na yote yangekuwa kweli.

"Nilitaka bati, Shomari," alisema.

 Shomari akainuka, akaweka mkono begani pake, jambo ambalo katika miaka ishirini hakuwahi kulifanya.

"Mimi nilitaka pampu," alisema.

Siwatu alimsindikiza mpaka barabarani. Basi lilikuja limejaa, kondakta akawabana mabinti watatu kwenye kiti cha watu wawili, Shomari akasimama mlangoni. Alilipa nauli za watu wanne, na hapo hapo uchumi wa Mkungwi ukakua tena. Siwatu alirudi kwa miguu. Na kwa kuwa kutembea kwa miguu hakuandikwi popote, Serikali ya Shwari haijui mpaka leo kwamba siku ile alilia njia nzima.